Jina Lililosomwa Mara Mbili Kitale

Doha, Jumapili alasiri

Kwako Mayi, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Goti lako linasemaje na baridi ya Kamukuywa? Na ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Bibi ninayemtunza huku ni mzito. Kumgeuza kitandani ni kazi ya watu wawili na mimi ni mmoja. Wajukuu wake wakishindwa na hesabu hunijia jikoni kimyakimya, kisha wanamwambia baba yao wamezifanya wenyewe. Nimezoea.

Barua hii nimempa mwenzangu wa kazi, mtu wa mtaa wa Tuwan kule Kitale, anayerudi nyumbani, nikamwomba asiitoe mpaka uwe umeketi. Wewe hukwenda shule, na najua atakayekusomea ni dada Nekesa. Ndiyo maana sikuandika kwa simu. Ya simu ingeishia kwake. Dada, habari yako. Soma polepole na usiruke mstari. Naliaka mwanangu naye akae hapo karibu na kukhu, nyanya yake, afuatilie kwa kidole.

Mama, wiki iliyopita dada alinitumia picha ya jarida la shule anayofundisha, ile ile ya Bungoma tuliyosoma sote wawili. Ameandika historia ya timu ya mashindano ya masomo, na ameandika vizuri, siwezi kumnyima. Ameeleza jinsi mwalimu wa fizikia alivyoianzisha na wasichana watatu, wakifanya mazoezi katika maabara na kifuniko cha sufuria badala ya kengele: anayejua jibu anakigonga kwanza. Ameeleza miaka ya kushindwa na shule za Kitale, mpaka wenyeji wakatuambia watu wa Bungoma tunakuja kula chapati tu. Kisha anafika mwaka wa kombe, na jina lake liko pale, Rosalia Nekesa, aliyejibu swali la mwisho. Mimi pia nimo. Nimeandikwa "mdogo wake aliyewabebea vitabu."

Ni kweli nilibeba vitabu. Nilikuwa kidato cha pili, na waliokubaliwa kushindana ni wa kidato cha nne peke yao. Lakini jioni zote za mazoezi ni mimi niliyewasomea maswali, na anayeuliza kila siku huishia kuyajua majibu yote. Siku yenyewe, kule Kitale, dada alinivuta nyuma ya bweni la wenyeji wetu.

"Nanjala, siwezi. Hata jina yangu nimesahau. Si tunafanana? Vaa hii sweta yangu."

"Na wakijua?"

"Nani atajua? Tukifika nyumbani nitaambia mama mimi mwenyewe. Haki."

Sweta ilikuwa imeshonwa jina lake kifuani. Mwalimu aliniona nikiketi, akatazama saa yake. Swali la mwisho lilikuwa hili: kwa nini maharagwe huchelewa kuiva Mlima Elgon kuliko Mombasa? Niligonga kengele, nikasema huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Wewe, Mama, miaka yote ulikuwa ukilaumu kuni. Mwamuzi mkuu akasoma jina la mshindi mara mbili, ndiyo desturi yao: mara ya kwanza watu wanyamaze, mara ya pili mwenyewe asimame. Rosalia Nekesa. Rosalia Nekesa. Nikasimama.

Nyumbani ulichinja jogoo. Nilimtazama dada, nikingoja. Alikula paja, akaenda kulala. Nikasema moyoni, labda kesho. Baba alipofariki mwishoni mwa mwaka ule, khocha, mjomba wetu, alikuja akakalia kiti cha baba, akasema, "Hii nyumba tusomeshe mwenye kichwa. Huyu mwingine si atakusaidia kwa shamba?" Dada alikuwa karibu nami, magoti yetu yakigusana. Alitazama sakafu. Mimi nami sikusema, kwa sababu nilidhani ni zamu yake kusema. Yeye akaenda chuo cha ualimu, mimi nikashika jembe. Sikuacha shule kwa uvivu, Mama, kama ulivyowaambia majirani.

Nina uchungu, sitakuficha. Nimeumeza miaka yote hii na haujashuka. Ningeumeza na mwaka huu, lakini juzi Naliaka alinipigia akifurahi, amechaguliwa katika timu ile ile. Akasema, "Mama mkubwa anasema ati hii kichwa nimetoa kwake." Nikampongeza, nikakata simu, nikaenda kumwogesha bibi. Nilimwaga maji mpaka yakaingia viatuni mwangu.

Sitaki ubao wa majina ya washindi katika bwalo la shule upakwe rangi upya. Sitaki dada apoteze kazi. Hata Naliaka anasema anafundisha vizuri. Nataka wewe ujue, kabla mmoja wetu hajatangulia, na mwanangu asikie ukweli huu wewe ukiwa hapo.

Nisalimie khocha, umwambie kichwa alikichagua kwa sweta. Msalimie shemeji, mume wa dada, yeye hana kosa. Msalimie na jirani yetu mkunga aliyenizalisha Naliaka.

Dada, umefika mwisho, asante. Limebaki jina tu. Mama, mwambie alisome kwa sauti, mara mbili.

Mwanao,
Emiliana Nanjala