Msumari Unaoshika Msumari

Mjukuu wangu Wafula,

Hapa Dandora tuko wazima. Mama yako amepona kifua. Dada yako siku hizi hunisalimu "niaje shosh," nami namjibu "poa" huku nimemkunjia uso.

Nimesomewa habari za chuma chako kinachobadilika umbo kikivutwa na sumaku, ambacho mnataka kisukume mkono wa mashine. Unasema hesabu zilikataa hadi ulipogundua ulihesabu nguvu ya sumaku tu, ukasahau kwamba chuma chenyewe, kikishavutwa, nacho huwa sumaku. Ukaniuliza kama nimewahi kuona jambo kama hilo.

Nimeliona sokoni Kariokor. Nilifika pale msichana nisiyejua mtu. Mama Nekesa, fundi wa akala, viatu vya tairi, alinipa kigoda, akanipa na sumaku ya spika mbovu niokotee misumari iliyomwagika. Msumari ulionaswa ukanasa mwingine, na huo mwingine tena, hadi ikawa mkufu. Nikapiga kelele kama mtoto. Akacheka: "Ukishikwa, nawe unashika."

Wasichana niliowafunza kazi yake baadaye bado wana vibanda pale, nao wana wasichana wao wanaowafunza.

Mama Nekesa tulimzika zamani. Ukiiondoa sumaku misumari mingi huanguka, ila hukosi miwili mitatu iliyobaki imeshikana. Mezani bado namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nawe huko, kabla hujala, mtaje. Hukumwona kamwe, lakini ndiye aliyekushika.

Shosho yako