Taa kwenye Pini ya Programu

Jumatatu, 4 Mei
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Nimehesabu tena! Mume wangu anaunda ving'ora vinane vya majokofu ya chanjo, oda yetu ya kwanza tangu tugeuze chumba cha mbele kuwa karakana. Muuguzi mkuu atavifuata Ijumaa saa tisa. Kila kimoja kina bodi ya umeme yenye chipu ndogo kama ukucha wangu, na ndani yake programu aliyoiandika yeye kwa vidole vile vile vinavyonifunga mkufu. Nikamwomba aongeze taa, ipige kama moyo. Akasema pini, vile vijiguu vya chipu, zimekwisha, zimebaki mbili tu, zile za kupakia programu na kuichungulia ikifanya kazi. Nikamtazama tu. Akacheka — akaniwekea kwenye moja ya hizo mbili, bodi zote nane! Mioyo minane myekundu mezani. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 6 Mei
Balaa. Tumetia bodi moja kwenye friza. Baridi ilipopita sifuri kwenda chini, king'ora kikanyamaza. Chanjo zingeganda na kisingesema kitu! Kosa la mstari mmoja, amesahau kuwa namba huweza kuwa hasi. Amelirekebisha kwenye laptopu kwa dakika mbili. Lakini chipu haipokei. Akichomeka waya, laptopu inasema hakuna kifaa. Zote nane hivyo hivyo.

Ni taa yangu. Programu ikiamka tu inaigeuza ile pini kuwa ya taa, na waya unabaki unabisha kwenye ukuta.

Wifi alipita, akatucheka: kaka yangu umemroga, sasa umeroga na bodi zake? Nikacheka, kisha nikaenda jikoni kulia. Mume wangu akanifuata. Akasema aliyekubali ni yeye, na angekubali tena. Jamani, huyu mtu!

Lakini muuguzi amepiga simu: Jumamosi gari linapeleka vifaa kwenye zahanati za mbali. Tukikosa, kazi anampa fundi mwingine.

Alhamisi, 7 Mei
Asubuhi nilimtazama amelala. Kuna kitambo kidogo kabla hajafumbua macho, kabla hajakumbuka kazi — hapo ni wangu mzima. Nikawaza, na chipu je? Alipoamka nikamwuliza: hatuwezi kuikamata kabla haijaamka?

Akakaa kitandani kama aliyemwagiwa maji. Akasema, mke wangu, riseti! Yaani kuianzisha chipu upya: ukiibonyeza bila kuachia programu haianzi, na pini inabaki ya waya. Unaachia, na hapo hapo laptopu inaingia. Akanibusu paji la uso, akaenda mezani bila viatu.

Tatizo, hatukuweka kitufe. Inabidi kugusisha sindano kwenye nukta mbili ndogo za bodi, na mikono yake yote inashika waya. Basi sindano ni yangu!

Ijumaa, 8 Mei
Saba zimekubali! Mimi nashika, yeye anasema "achia", naachia. Tunapumua pamoja.

Ya nane imekataa mara nne. Muuguzi amefika mapema, amekaa kwenye benchi na boksi tupu mapajani. Ameuliza, bado, baba? Mume wangu amejibu, bado kidogo, dada, hapa bosi ni mke wangu.

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye sindano. Herufi zinacheza. Ameniangalia, akatabasamu, akasema safari hii niweke kalamu chini, mikono yote mi—