Mkufu wa Wifi

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba ule mgongo umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, isipokuwa sauti imekauka na shingo haigeuki vizuri, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Ujumbe wako wa pole nimeupata. Ahsante pia kwa kuwalaani wale wezi waliomvamia shemeji yako, ingawa umewalaani kwa maneno ambayo sikujua kama unayajua.

Nianze na kazi yangu, maana wifi huniuliza kila mara. Bado natengeneza hereni, mikufu na bangili kwa vitu vya humu ndani: vifungo vya mashati yaliyochakaa, vizibo vya soda, mipini ya miswaki, na zaidi ya yote vipande vya vyombo. Kipande nakisugua kwenye jiwe la kunolea visu mpaka makali yaishe, kisha nakizungushia waya wa shaba. Uzi situmii, unakatika. Shaba naichuna kwenye nyaya za umeme. Hata pasi yetu niliikata waya, na sasa kazi yake ni kukaa mezani nigongee shaba juu yake. Wateja wananisifu kwamba mkufu wangu hata mtoto auvute vipi, haukatiki.

Vyombo havinipi shida, Kaka, shemeji yako ananivunjia. Huko kazini ni fundi friji mpole, kila mtu anamsifu. Akivuka kizingiti chetu, supu ikipoa ni sahani ukutani, nikichelewa kujibu ni glasi, na vyombo visipotosha zamu inakuwa yangu. Zile sahani za maua ya bluu ulizotununulia siku uliponirudisha kwake, ukituusia tuvumiliane, hazikumaliza siku. Ulikuwa hata hujafika stendi. Niliokota vipande vyote, nikapata hereni nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Mtaani wamezoea. Kukiwa na kelele kwetu, asubuhi yake akina mama wanakuja kubisha hodi, wananiuliza leo nimepata rangi gani. Wanachagua, wanajitazama kwenye kioo changu chenye ufa, wanaondoka. Usoni kwangu hawatazami. Mwanzoni niliwachukia, baadaye nikawa nawapangia mezani mapema.

Sasa, wiki iliyopita mama muuza mboga alikutana na shemeji yako barabarani, akiwa na wenzake wa kazini. Akashika hereni zake za bluu, akamshukuru kwa moyo mweupe kabisa. Akamwambia, "Shemeji, usikae sana bila kuvunja, binti yangu naye anataka nyekundu." Wenzake wakacheka mpaka wakashika magoti. Hapo ndipo alipojua kwamba hasira zake zote zinatembea mtaani, masikioni mwa watu.

Alirudi mchana ule ule, akanikuta nagonga shaba. Alipindua meza, akanibamiza kichwa ukutani, akanikanyaga vidole vya mkono wa kushoto, vile ninavyoshikia kipande nikisugua. Kisha akaushika mkufu niliokuwa nimeuvaa, akausokota kwa nyuma. Uzi ungekatika. Waya wangu haukukatika. Nilisikia shaba ikiingia nyamani, macho yakaanza kuona giza, na nikawa najilaumu kwa kuijua kazi yangu vizuri mno. Mkono ukapapasa sakafuni, ukaikuta pasi.

Majirani walipoingia walimkuta amelala kwenye damu, taya limehama, meno yake yamemwagika katikati ya shanga zangu. Mama muuza mboga akapiga yowe, akauliza kama ni wezi. Mwenyewe, aliyekuwa hawezi kusema, akaitikia kwa kichwa. Afadhali afe kuliko watu wajue kapigwa na mkewe. Kufikia jioni wezi walikuwa wanne na mmoja ana panga.

Hakuna wezi, Kaka. Ni mimi. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea baada ya wazazi, sitakuficha: pigo la kwanza lilikuwa la kutafuta pumzi. Mengine nilimpiga akiwa chini, mkono wake umeshaniachia, na nilipiga kwa sababu nilitaka. Nimeyasubiri majuto mpaka leo, hayajafika.

Hospitali wamemfunga taya kwa waya. Nampelekea supu, na nesi akigeuka shemeji yako ananibana kifundo cha mkono mpaka nauma midomo nisilie. Anatoka Jumamosi. Akinikuta ataniua, hilo nimelisoma machoni mwake. Begi langu liko tayari, na Ijumaa nitakuwa mlangoni kwako. Najua utaniketisha, utanipa maji, halafu utaanza habari ya kuvumiliana. Naye akija na maneno yake matamu, utanisindikiza tena.

Kabla hujanisindikiza, mwombe wifi avue ule mkufu niliomtumia. Aliniandikia kwamba vipande vya bluu vinamkumbusha zile sahani mlizotununulia, na ule ushanga mweupe wa katikati anawaambia watu ni pembe. Vya bluu ni sahani zenu kweli. Ule mweupe ni jino langu, la siku ile ile uliyonirudisha. Nililisugua mpaka likang'aa, nikaliweka mahali pa kuonekana, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukwambia.

Wifi anisamehe, nampenda na sikutaka kumtia kinyaa. Wabusu watoto, na mgongo wako uukande kwa maji ya moto. Ijumaa usiweke komeo mapema.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemwita Chiriku kwa kuongea sana.