Kengele Katika Kanda za Masanja

Jumanne, 4 Juni 1996
Leo tena, nikirekodi kanda za kaka Masanja za kuuza madukani, nimegonga kengele ya ng'ombe mpaka majirani wakacheka. Wacheke. Kati ya wimbo wa kwanza na wa pili naacha pengo: mlio mmoja kwenye kanda ya duka la Shinyanga mjini, miwili ya Mhunze, mitatu ya Kahama. Ya nyumbani haina kengele, ina kikohozi changu. Atakayedurufu kwa wizi atadurufu na alama yake. Mwaka jana nyimbo zake Masanja zilipigwa kila kibanda cha wachimbaji, naye hakupata hata betri. Mwaka huu zikiuzwa, ataingia studio ya kweli Mwanza. Zikiibwa, atachunga ng'ombe wa shemeji.

Ijumaa, 14 Juni
Zimeibwa. Binamu kaleta kanda moja kutoka Segese, kwa wachimbaji, jalada lake karatasi ya daftari. Betri zimekwisha, sijaisikiliza. Lakini najua ni mwenye duka wa Mhunze. Huniita "mama mwalimu" huku akicheka meno yote nje. Namdharau.

Jumamosi, 15 Juni
Nimepata betri. Wimbo wa kwanza. Pengo. Kikohozi changu.
Nimerudisha nyuma. Kikohozi changu.
Kanda hiyo hukaa chumbani kwa Masanja.

Jumapili, 16 Juni
Nimemuuliza Masanja. Hakukana hata kidogo. Aliipeleka Segese mwenyewe, akawaambia wenye vibanda wadurufu watakavyo, bure. Jumapili ijayo anashindana na manju wa Samuye, kiongozi wa ngoma kama yeye. Uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni mwenye watu wengi.
"Mdogo wangu, nani ataufuata wimbo asioujua? Umesoma sana, lakini uwanjani hujawahi kusimama."
Nikamuuliza, na Mwanza?
"Studioni nani atanishangilia? Kuta?"
Mpumbavu. Amejiibia mwenyewe na anajiona mjanja. Mama naye anacheka. Naishi na watu wanaopenda kelele kuliko kula.

Jumapili, 23 Juni
Nilikwenda ili nimwone akishindwa.
Wachimbaji walikuja kwa malori. Masanja alipofungua kinywa, waliimba wao, ubeti mzima, yeye kasimama tu mikono juu. Upande wa pili watu walipungua mpaka wakabaki wapiga ngoma. Manju wa Samuye alivua njuga zake taratibu, akaja kusimama karibu nami, kusikiliza.
Studio hakuna tena. Sauti ya Masanja imekauka kabisa. Mama amemchemshia maji ya tangawizi. Nimempelekea mimi, nikangoja amalize kikombe.