Ramani ya Kwanza Yenye Jina Langu

Jumapili, 17 Julai 1960
Uhuru una siku kumi na saba. Katibu wa klabu ya mashua, Mzungu niliyemfanyia kazi, ameondoka jana kwa ndege, mkononi mkoba mmoja! Mimi kaniachia funguo za banda na albamu ya ramani za mto. Miaka kumi na moja nimekaa mbele ya boti na upondo, napima kina, naita mita. Yeye anaandika, yeye anatia sahihi. Leo nimeifungua albamu mwenyewe.

Jumatano, 20 Julai
Papa Henri, karani aliyepandishwa kuwa mkuu wa ofisi, amenunua boti ya injini ya Mzungu mmoja. Tarehe 31 anapeleka familia Yanonge, chini ya mto, kutembea tu — kama Wazungu! Anataka ramani. Nikamwambia ile ya mwaka jana haifai, mchanga umehama, maji yanashuka. Akacheka: "Hemedi, weye iko planton, haiko géomètre." Yaani mimi tarishi tu, si mpima ramani.
Bon. Tutaona. Nitaupima mto, na ramani itakuwa na jina langu.

Jumanne, 26 Julai
Siku ya tano majini na Kasongo, mpiga kafi wangu. Tuliteremka na maji mpaka Yanonge. Kupima tunapima tukirudi juu, maana ukikabili mkondo pirogi, mtumbwi wetu, inatulia. Viganja vimechubuka. Kwenye kisiwa cha mwisho kabla ya Yanonge, upande mmoja upondo uligonga jiwe, kina shibiri mbili. Jiwe halionekani kabisa! Upande wa pili mita tatu. Nimeandika: pita kuume.

Alhamisi, 28 Julai
Nimempa Papa Henri ramani. Jina kamili, kwa wino. Akaitazama muda mrefu, akasema merci, monsieur Hemedi. Monsieur, bwana! Nimefurahi kama mtoto, sifichi.

Jumamosi, 30 Julai
Ee Mola.
Mke wangu Aziza alikuwa anatazama nakala yangu. Akauliza Lubunga, mtaa wa ng'ambo, iko upande gani. Nikamjibu kushoto, kando za mto zinaitwa uso ukielekea maji yanakokwenda, kila mtu wa boti anajua. Akasema: "Alafu mbona ukirudi na pirogi, Lubunga iko mukono ya kuume?"
Pondu, majani ya muhogo, ikapoa kwenye sahani. Niliandika "kuume" kwa mkono wangu, uso wangu ukielekea maji yanakotoka! Kwa anayeteremka, njia ni kushoto. Kuume ni jiwe. Papa Henri ana watoto wanne.
Nimekimbia kwake — wote wako arusini, hakuna anayejua wapi. Ningeweza kesho kusema mchanga umehama tena. Nani angebisha? Hapana. Kosa ni langu, nitalisema kwa mdomo wangu.

Jumapili, 31 Julai
Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa gatini. Nikasema mbele ya wote. Papa Henri akakasirika sana. Aamini nani sasa, Hemedi wa Alhamisi ao Hemedi wa leo?
"Papa, usiamini hata mumoja. Unipe nafasi mbele na upondo. Pirogi tuifunge nyuma, nitapima mbele yako."
Mkewe, Madame Germaine, akasema bila mimi yeye hapandi. Donc niko ndani.

Saa tano. Tumetia nanga kabla kidogo ya kisiwa kile chenye jiwe. Kushoto na kuume maji ni laini sawasawa, hayasemi kitu. Nanga inaburuta. Kila nikiinua macho, kisiwa kimekaribia, na sisi tumesogea upande wa kuume. Injini imewashwa mara mbili, imezima mara mbili. Papa Henri ameshika usukani kwa mikono yote miwili.
Nashuka kwenye pirogi kupima kushoto, niwavute kwa kamba. Ninaogopa, lakini nashuka.
Madame Germaine ameuliza kama watoto wavue viatu, wasizame navyo.
Nimesema ndiyo. Wote wavue, na yeye pia.