Shimo Katika Shamba la Bwana Kubicek

Lincoln, Nebraska
8 Oktoba 1996

Mdogo wangu Trina,

Habari za huko Ord? Mguu unaendeleaje, na usingizi unaupata? Wasalimie sana baba na mama. Sisi hapa kwenye nyumba ya chama chetu cha wasichana wa chuo tu wazima, ila mimi nimechoka hoi.

Kazi yangu ya usalama chamani unaijua. Mwaka mzima ni fomu za bima: nani anaendesha, nani hajanywa, mlango wa dharura uko wapi. Trampolini ya kurukia, hapana. Kuogelea usiku, hapana. Mmeniita Bibi Hapana mpaka nimezoea kuitika. Siku tuliyokwenda kuchuma maboga peke yake ndipo niliposema ndiyo, tena nikashika mwenyewe usukani wa trekta, nikajitia mtoto wa shamba. Kona niliikata vibaya. Nisamehe, mdogo wangu. Wakili wa chama amenikataza kuliandika neno hilo popote, lakini kwako naliandika.

Sasa sikia. Bima yetu hailipi mtu aliyeanguka kutoka kwenye tela. Imeandikwa waziwazi, na mimi ndiye niliyewasomea. Kwenye fomu nilijaza "matembezi ya miguu." Bwana Kubicek mwenye shamba alituachia tela la kubebea maboga akaenda zake mjini, na mpaka leo hajui kwamba tulilipanda. Baba yako naye hana bima ya matibabu. Basi kwenye ripoti nitasema ulikuwa ukitembea, ukaingia shimoni. Wenzetu wote wamekubali. Wakikupigia simu, sema hivyo hivyo.

Dada yako mkubwa,
Darcy


Ord
17 Oktoba

Dada Darcy,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kuanzia kiunoni kwenda juu. Huko chini nina vyuma vinne, na daktari anasema Desemba atanipasua tena. Mama ananishindilia chakula kama ng'ombe wa mnada. Wewe unakula, au unashindia kahawa tu?

Yule bwana wa bima alipiga Jumanne. Akauliza shimo lilikuwa na ukubwa gani. Nikamwambia, la kutosha kofia. Sauti haikutetemeka hata kidogo, nikajishangaa. Baba alikuwa pale pale jikoni. Alichukua koti lake akatoka nje, wala hajaniuliza kitu.

Siku ile ya kupangiwa dada chamani, nilipofuata uzi wa sufu chumba hadi chumba, nikakukuta wewe umeshika ncha ya pili, nililia kwa furaha. Mimi kwetu sina dada. Ukisema shimo, basi ni shimo.

Mdogo wako,
Trina


Lincoln
14 Novemba

Mdogo wangu Trina,

Hujambo? Kumepoa huko? Sisi hatujambo kidogo.

Bima imekubali kukulipia. Nilirukaruka kama mwendawazimu, kisha Bi Gaylord, mlezi wetu, akanieleza lililobaki, huku anakoroga kahawa. Kumbe bima ikishalipa humtafuta mtu wa kumbebesha gharama. Wamemwandikia Bwana Kubicek: shamba ni lake, shimo ni lake, alipaswa kulifukia au kuliwekea alama. Watamshtaki. Ana miaka sabini na minane, na shamba lile ndilo alilo nalo.

Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikijaza fomu ili mtu asiumie. Sasa fomu yangu ndiyo inayomuumiza mzee wa watu, aliyetuazima shamba bure. Sili, silali.

Nimeandika barua ya kusema kweli. Iko hapa mezani, na stempu nimebandika. Nikiituma nitafukuzwa, na tawi letu pengine litafungwa. Hayo ni yangu, nitayameza. Lakini malipo yako yatafutwa, na upasuaji wa Desemba sijui utakuwaje. Siwezi kuituma bila neno lako. Niambie.

Dada yako,
Darcy


Ord
20 Novemba

Darcy,

Hatujambo.

Uongo ulikuwa wako. Mimi nilikuazima mdomo tu. Nilipokuwa nimelala kwenye matope nikipiga kelele, jambo la kwanza ulilosema ni "Msiguse tela." Nilikusikia. Nikanyamaza kwa sababu nilikupenda. Leo dhamiri imekuamkia, unataka uisafishe kwa mguu wangu!

Yeye ana shamba. Mimi nina miaka kumi na tisa na nashikwa mkono kwenda chooni. Daktari amesema nisipopasuliwa nitachechemea maisha.

Usiitume. Na mimi usiniandikie tena.

Trina


Ord
3 Desemba

Dada Darcy,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima. Kimya chako nimekiona, na ni mimi niliyekitaka.

Jumapili alikuja Bwana Kubicek. Ameendesha pikapu lake kwa muda wa saa tatu kwenye barafu. Nilijua amekuja kugomba, nikamwomba mama aseme nimelala, lakini mama alikwishamkaribisha. Alimpa mama chupa ya matango ya siki, akavua kofia, akakaa karibu na kitanda changu.

"Pole, binti," akasema. "Tangu nipate ile barua nazunguka shamba na koleo, mstari kwa mstari. Shimo silioni. Macho yangu haya siku hizi hayana kazi."

Nikavuta blanketi kufunika vyuma.

"Hebu nichoree ulipoangukia. Theluji nzito ikishuka sitalipata tena, na watoto wa jirani hukatiza pale wakienda shule. Sitaki mwingine avunjike."

Akanipa kalamu na bahasha ya hao hao watu wa bima. Dada, shimo sikulichora. Nikamchorea trekta, na tela, na wewe kwenye usukani, na mimi chini. Aliitazama bahasha, akaisogeza karibu na dirisha akaitazama tena.

"Kwa hiyo hakuna shimo."

"Hakuna, Bwana Kubicek."

"Afadhali," akasema. "Afadhali, binti."

Barua yako itume leo. Upasuaji tumeuahirisha.

Mdogo wako,
Trina