Mama Amefunga, na Sindano Nilimchoma Mimi

Jumatano, mfungo wa kumi na nne. Adelphi.

Mvua ya baridi tangu asubuhi, ile nyembamba isiyoisha. Barabara ya University bado imechimbwachimbwa, basi likachelewa, nikaingia maabara nimelowa na sina hata hamu ya kusalimia mtu.

Kazi yangu ni seli za mishipa ya damu. Nazilaza bila chakula, asubuhi nazidondoshea insulini, au peptidi nyingine, vijiprotini vya ukoo wake, halafu natazama saa. Dakika tano tu, peptidi imeshika kipokezi kwenye ngozi ya seli, na ndani habari inapokezanwa protini hadi protini, mpaka seli itoe gesi inayoulegeza mshipa. Leo ziliitika zote. Bosi alifurahi, nami nikajiona mjuzi kwelikweli.

Nikarudi nyumbani saa kumi na moja. Mama alikuwa peke yake kwenye mkeka, jasho linamtiririka, ananitazama kama hanijui. Nikampima sukari: arobaini na nane, imeshuka mno. Nikamshika kidevu, nikamnywesha juisi ya machungwa kidogo kidogo. Ilikuwa imebaki saa moja tu tufuturu.

Akili ilipomrudia akaniuliza, "Umeniharibia swaumu yangu?"

Akalia. Mama yangu, ambaye hakulia mbele za watu hata tulipomzika baba kule Tanga.

Sheikh alishamwambia mgonjwa wa kisukari kama yeye karuhusiwa kula, atoe chakula kwa maskini. Mama akasema sheikh mwenyewe mtoto, ndevu hazijamjaa. Akasema huku ughaibuni hasikii adhana, hana jirani wa kumpelekea futari. Akiacha na kufunga, Ramadhani yake itabaki na nini?

Ila kuna jambo sijamwambia mtu.

Daktari wake alisema wazi: akishikilia kufunga, nipige simu dozi ya insulini ipunguzwe. Sikupiga. Niliona nikipiga nitakuwa nimekubali afunge. Basi nikabaki kununa, na kila alfajiri namchoma dozi ileile ya siku za kula. Leo daku alikula tende mbili na chai, nikamchoma hivyohivyo, nikaenda kusubiri basi.

Mimi huyu ninayejua insulini inafanya nini ndani ya seli dakika ya tano.

Tumefuturu. Uji wangu wa pilipili manga, ambao huwa anausifu mpaka naona haya, leo hakuusemea neno. Alipoinuka kwenda kuswali akasema kwa upole, "Kesho uniamshe daku, mwanangu. Usiponiamsha nitafunga tu."

Najua atafunga.

Nimepiga simu kliniki, imefungwa, nimeacha ujumbe. Wanafungua saa mbili asubuhi. Daku ni saa kumi na nusu. Nitamwamsha, nitamsihi ale, atakunja mkono wa gauni anitolee bega kama kila siku. Na ile kalamu ya kumchomea insulini, nitaizungusha dozi mpaka namba ngapi?